MAONI YA KATIBU: INJINI YA KOMPYUTA ISIINGIE KATIKA HILUX YETU

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Mbaha,

Baadhi yenu mmeniomba niandike maoni yangu hapa ubaoni kabla ya mkutano, maana kule mkutanoni sauti zikiwa nyingi hata mwenye hoja humeza mate. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Kwa hiyo panapo kosa la herufi mnisamehe. Panapo kosa la hoja msinisamehe, nijibuni.

Jambo lenyewe mnalijua. Hilux ya ushirika imekufa injini. Ilibeba mpunga, ikapanda mlima, maji yakaisha kwenye rejeta na dereva akaendelea tu. Silinda hedi imepasuka. Fundi anasema gharama ya kuifufua inakaribia bei ya injini nyingine ya mtumba, na hapo wote tumekubaliana: tununue injini. Ugomvi ni injini ipi.

Vijana wanataka ile iitwayo 1KD. Wanasema ina nguvu, haili mafuta, haitoi moshi mweusi, na tena ni lita tatu kama 5L ninayoitaka mimi. Hawasemi uongo. 5L ina sisi 2986, na 1KD ina sisi 2982. Tofauti hiyo haijazi hata kijiko cha chai. Lakini ndugu zangu, ukubwa wa sufuria haukuambii kilichopikwa ndani.

Katika 5L, pampu ya dizeli inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Ikisumbua, fundi wetu anaifungua kwa spana, anasikiliza kwa sikio, anaiweka sawa. Katika 1KD dizeli inabanwa kwa presha kubwa sana kwenye bomba moja, na anayeamua kila nozeli ifunguke lini ni kompyuta, ambayo mafundi wanaiita kontrolo boksi. Hiyo boksi inapokea habari kutoka kwa sensa nyingi: joto, hewa, mafuta, hata pedali ya dereva. Pedali ya Hilux yetu inavuta waya wa chuma, haina habari yoyote ya kuipelekea kompyuta. Tena boksi nyingi zinaitambua funguo ya gari zilikotoka. Funguo ile ikikosekana, injini hata ikiwa nzima namna gani haiwaki.

Sasa tuseme fundi hodari amezipata waya zote akaziunganisha, gari likawaka, tukapiga makofi. Siku moja taa ya injini inawaka na gari linapungukiwa nguvu katikati ya mlima. Hapo spana haisemi kitu. Inatakiwa mashine ya kupimia, inayochomekwa kwenye tundu chini ya dashibodi. Marekani waliamuru magari yote madogo mapya kuanzia ya mwaka 1996 yawe na tundu la namna moja. Hilux yetu haina tundu lolote. Hata tukilihamisha kutoka gari lingine, mashine itasoma kompyuta ya gari moja iliyomo katika mwili wa gari jingine. Itadai vitu ambavyo gari letu halijawahi kuwa navyo, na fundi atatibu homa ya mtu asiyekuwepo. Na mashine hiyo hapa kijijini nani anayo? Tutalivuta gari mpaka Mbinga au Songea kwa ajili ya sensa ndogo kama kidole.

Kuna na mafuta. Ni kweli tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ni jambo zuri. Lakini dizeli yetu inafika kwa madumu, na dumu mnalijua, jana lilikuwa na maji ya ziwa. 5L huvumilia kidogo. Nozeli za 1KD haziyataki hayo maji hata tone, na bei yake mkiisikia mtakaa chini.

Nakuja kwenye moshi, maana hapo vijana wamenibana. Wanasema Katibu unatetea injini chafu, na watoto wetu wanapanda nyuma wakiumeza ule weusi. Nakubali, moshi si mchezo. Tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2007, na trafiki akiona gari linafuka kama tanuru ana haki ya kulisimamisha. Lakini usafi wa moshi wa injini mpya hautoki kwenye chuma peke yake. Unatoka kwenye kompyuta, vali ya kurudisha moshi na yale masega ya ndani ya bomba la moshi, vyote vikifanya kazi pamoja. Injini za mtumba mara nyingi huuzwa zikiwa tupu, waya zimekatwa, na masega wameshayauza kwingine. Jimbo la California kule Marekani, lenye ukali mkubwa kwa moshi, linaruhusu mtu kubadili injini, ila isiwe ya zamani kuliko gari, ije na vifaa vyake vyote vya kusafishia moshi, na mkaguzi aione. Wale wameelewa kwamba injini bila vifaa vyake ni nusu ya injini. Sisi tukitaka moshi mdogo, tuanze na kupima nozeli, kubadili chujio la hewa, na kuacha kujaza magunia mpaka gari linalia.

Hata hiyo 5L tuwe macho. Iko ndugu yake iitwayo 5L-E. Ile herufi E ni ya umeme, nayo ina kompyuta. Atakayetumwa asome herufi zote, asiishie kwenye 5L.

Sasa naomba niseme jambo linalonihusu mwenyewe. Injini iliyokufa ni 3L. Kadi ya gari inasema 2L. Tulipobadili ile ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa natunza karatasi, na nikasema ah, nitakwenda wiki ijayo. Sikwenda. Mwaka juzi gari likasimamishwa njiani, namba ya injini ikasomwa, haikufanana na ya kwenye kadi. Gari likalala pale siku mbili, na samaki wabichi wa akina mama wakaoza humo humo. Wengi mlilaumu askari. Askari alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kwenye mkoba wangu, na akina mama wale sijawalipa wote mpaka leo.

Kwa hiyo, injini yoyote itakayochaguliwa, hata ikiwa 1KD, isibebe gunia hata moja kabla kadi haijarekebishwa. Atakayenunua adai risiti na karatasi za forodha, na asome namba iliyogongwa kwenye bloku kabla ya kutoa hela, tusije tukanunua mali ya wizi. Gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA waandike namba mpya na sisi mpya. Bima nayo iambiwe. Siku ya ajali watauliza wamekatia bima gari gani.

Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi, pale ghalani. Vijana waje na bei ya 1KD pamoja na boksi, funguo, waya, pedali na masega, siyo bei ya injini tupu. Mimi nitakuja na bei ya 5L, kadi ya gari, na daftari la madeni ya samaki.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu wa Tawi