SHERIA ISOMWE WAPI?

Wako wazazi miongoni mwetu wauzao dhahabu ya mama na kuweka nyumba rehani ili kijana akasome sheria ng'ambo, tangu mwaka wa kwanza hata wa mwisho. Nia yao ni njema. Lakini twauliza: je, ni lazima shahada nzima isomwe huko?

Zamani hapakuwa na hiari. Kabla ya masomo ya sheria kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, hapakuwa na chuo kikuu kilichoyafundisha katika Kenya, Uganda, Tanganyika wala Zanzibar. Wengi waliotaka uwakili walikwenda London kujiunga na vyama vya mawakili, na miongoni mwa masharti yake ilikuwa kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za usiku. Kula nako kulikuwa ni somo!

M. K. Gandhi alipita njia hiyo. Aliingia Inner Temple mwaka 1888, akapata uwakili mwaka 1891, akarejea Bombay amesoma sheria za Kirumi kwa Kilatini, hali hazijui sheria za Kihindu wala za Kiislamu walizohukumiwa kwazo watu wa kwao. Katika kesi yake ya kwanza alisimama mbele ya hakimu, ulimi ukamganda, akakaa kitako na kurudisha ada. Ndiye huyo huyo aliyepita hapa Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini.

Basi na sisi tuna mambo yetu. Talaka na mirathi ya Waislamu huamuliwa na kadhi. Kwa sheria ya Kiingereza mti hufuata ardhi ulipoota. Kwetu mkarafuu waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mjane anayegombea mikarafuu ya marehemu mumewe atafaidika nini na wakili ambaye yeye mjane ndiye wa kumfundisha jambo hilo?

Hatusemi kijana asisafiri. Akikaa Ufaransa ataona mahakama zinazofuata kitabu cha sheria za raia kilichotolewa mwaka 1804 na kurekebishwa mara nyingi, ambako hukumu ya jaji aliyetangulia haimfungi jaji wa leo kama ifungavyo kwetu. Atarejea na maswali ambayo asingeyapata Tunguu.

Wazungu wenyewe wamekwisha kuona njia. Tangu mwaka 1987 mpango wao wa Erasmus humpeleka mwanafunzi nchi nyingine kwa muhula au mwaka, na masomo anayofaulu huko huhesabiwa katika shahada ya chuo chake. Twataka vyuo vyetu vifanye mapatano ya namna hiyo: kijana ashike kwanza misingi ya kwao, atoke muhula mmoja, arudi amalizie hapa. Na mapatano yaandikwe somo kwa somo kabla hajapanda ndege, kwani ahadi ya mdomo yaweza kumpotezea mwaka mzima.

Mwanachama mwenye mtoto anayejiandaa kusafiri, kabla ya kulipa hata shilingi moja, na aende chuoni akadai jibu la maandishi: masomo ya huko yatahesabiwa hapa, au hayatahesabiwa?