Mato Si Moto: Nani Apime Umbali wa Maneno Yetu?

Juzi nilikuwa nikiandika ubeti kwenye simu ili nimpelekee mtunzi mwenzangu. Kipande cha kwanza kilisema: "Mato yangu hayaoni." Kabla sijautuma, simu ilikwisha kunisahihisha bila kuniuliza, ikaandika: "Moto yangu hayaoni." Mizani nane zilibaki salama, na kina hakikuguswa. Lakini macho yalikuwa yamegeuka moto, na upatanisho wa kisarufi ukavunjika papo hapo. Mwenzangu alinijibu kwa kicheko, akitaka kujua ni moto gani huo uliopofuka.

Nilicheka nami, ila swali likanibakia: simu ilijuaje kwamba jirani wa "mato" ni "moto"? Jibu limo katika uwanja ambao sisi wa ushairi hatuutembelei sana, yaani jiometri ya ukokotoaji na algoriti za data. Wataalamu wa uwanja huo huuliza maswali kama haya: katika nukta milioni moja, ni ipi iliyo karibu zaidi na hii niliyonayo mkononi? Tutaipataje bila kuzipima zote? Naamini maswali hayo yanatuhusu, na kwamba tumekawia kuyajibu kwa upande wetu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mwaka 1965 mwanahisabati wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, alieleza njia nyepesi ya kupima umbali kati ya mifuatano ya herufi. Hesabu idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kuondoa au kubadili ili neno moja liwe jingine. Kutoka "mato" hadi "moto" ni hatua moja. Kutoka "mato" hadi "macho" ni hatua mbili: *t* inakuwa *c*, kisha *h* inaongezwa. Kwa kipimo hicho, simu haikukosea hesabu hata kidogo. Moto uko karibu na mato kuliko macho yalivyo.

Katika zama zetu, mmoja wa watafiti waliochimba sana suala hili la ukaribu ni Piotr Indyk, aliyesoma Warsaw kisha Stanford, na ambaye ni profesa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Kazi zake mbili zinafaa kutajwa hapa.

Ya kwanza ni ya mwaka 1998, aliyoiandika pamoja na Rajeev Motwani. Kompyuta huweza kuandika picha, wimbo au matini kama orodha ya namba, na orodha hiyo huwa nukta katika nafasi. Namba mbili hukuweka kwenye ramani. Namba tatu hukuweka ndani ya chumba. Namba mia tano hukupeleka mahali ambapo hakuna mchoraji awezaye kupachora. Kadiri orodha inavyorefuka, ndivyo mbinu za zamani za kumtafuta jirani zinavyopoteza kasi, hata zikakaribia kuwa sawa na kupima kila nukta. Indyk na Motwani walikubali kulegeza sharti: badala ya kumdai jirani wa karibu kabisa, turidhike na aliye karibu vya kutosha. Kisha wakaonyesha namna ya kuzigawa nukta katika makasha kwa bahati nasibu iliyopangwa, hivi kwamba zilizo karibu zina uwezekano mkubwa wa kuangukia kasha moja kuliko zilizo mbali. Anayetafuta hufungua makasha machache tu.

Mshairi hatashangaa. Aliyehifadhi maelfu ya beti akazipanga kwa kina cha mwisho, hapekui daftari zima anapotafuta ubeti unaoishia kwa *-ani*. Huenda moja kwa moja kwenye fungu lake. Kwa mchango wa namna hiyo, Indyk, Andrei Broder na Moses Charikar walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Paris Kanellakis ya mwaka 2012.

Kazi ya pili inakigusa kipimo cha Levenshtein chenyewe. Njia iliyozoeleka ya kukikokotoa ni kuchora jedwali: herufi za matini ya kwanza zikae kwenye safu mlalo, za pili kwenye safu wima, na kila kisanduku kijazwe kwa kutazama jirani zake. Matini mbili zenye herufi 10,000 kila moja hudai visanduku 100,000,000. Je, hakuna njia ya mkato? Mwaka 2015 Arturs Backurs na Indyk walithibitisha kwamba njia ya haraka zaidi kwa kiwango kikubwa haiwezekani, isipokuwa kama dhana moja mashuhuri kuhusu ugumu wa matatizo ya mantiki ni ya uongo. Huo ni ujuzi wa kuheshimiwa: kujua mpaka wa kasi ulipo na kuueleza kwa uthibitisho.

Hata hivyo, zitazameni kazi hizo mbili kwa makini. Zote zinaanza baada ya kipimo kukwisha kuchaguliwa. Mwanajiometri husema: nipeni maana ya "karibu", nami nitawatafutia jirani upesi. Hasemi karibu ni nini, wala si kazi yake kusema. Anayepaswa kusema ni mwenye nukta, na nukta hizi ni maneno yetu.

Sasa tujaribu kupima Kiswahili kwa rula hiyo ya herufi. Kutoka "mtoto" hadi "watoto" ni hatua mbili; kutoka "mtoto" hadi "mtoro" ni moja. Kwa hiyo mtoto ana undugu zaidi na mtoro kuliko na wenziwe. "Kufa" na "kufaa" zimetengana kwa herufi moja tu, ilhali "ninampenda" na "hanipendi", zilizotoka katika mzizi mmoja, zimetupwa mbalimbali. Rula hiyo haijui ngeli wala viambishi. Haijui pia kwamba katika Kimvita na Kiamu, "mato" ni macho na "nti" ni nchi kwa mwachano wa sauti unaofuata utaratibu, ambao kila msomaji wa tenzi za kale anaujua. Na Mmvita akiandika "ndoo" kumwita mpenziwe, mashine haitasema lolote, kwa kuwa inaijua ndoo ya maji.

Najua wapo watakaosema: si ndiyo faida ya Kiswahili sanifu? Tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi, tumekuwa na tahajia moja ya kutuunganisha, na mashine inatusaidia kuilinda. Hoja hiyo ina uzito, nami nafundishia na kuandikia sanifu bila kinyongo. Lakini usanifishaji ulikusudiwa vitabu vya shule na ofisi. Haukukusudiwa kuwa chujio la kuzitupa nje lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wetu. Mtafiti akiandika "macho" katika hifadhi ya tenzi, asipoletewa hata ubeti mmoja wenye "mato", kwake beti hizo ni kama hazipo. Hazikuchomwa wala hazikuliwa na mchwa. Zimepimwa vibaya tu.

Tiba yake haihitaji uvumbuzi mpya. Jedwali lilelile laweza kupewa bei tofauti: kugeuza *t* kuwa *ch* palipo na mwachano wa kilahaja kugharimu kidogo mno, kubadili *m-* kuwa *wa-* mwanzoni mwa nomino kugharimu kidogo, na kubadili *a* kuwa *o* katikati ya mzizi kugharimu bei kamili. Hapo "macho" yatakuwa jirani wa kwanza wa "mato", na moto utarudi jikoni. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kuiandika programu hiyo. Asichoweza ni kuzikisia bei zenyewe, kwani hizo zimo vinywani mwa wazee wa Lamu na Mombasa, Pemba na Tumbatu, na katika madaftari ya malenga.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, wapenzi wa lugha, ni la kazi ya mikono. Kila mwenye lahaja yake aandike orodha: neno la kwao, neno la sanifu, na sauti iliyobadilika. Maneno hamsini yanatosha kuanzia. Mimi nimeanza na langu moja, lililonifanya nichekwe.