Kabla ya kumlaumu aliyezima simu
Na Mariam Ntandu

Msimu wa kuvuna alizeti ukifika, wenye maduka Singida mjini huanza kulalamika. Binti kafunga duka Jumamosi jioni, kapeleka mauzo kwa tajiri, kaaga vizuri. Jumatatu duka halijafunguliwa na simu haipatikani. Baadaye inasikika yuko kwao Ikungi shambani, au anauza duka jingine mtaa wa pili. Hapo tajiri atakwambia vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Siungi mkono kuingia mitini. Ila ninawauliza wanaolalamika: huyo wa mwisho mliyemfukuza, mlimpa notisi ya siku ngapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazibana pande zote mbili. Mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Tajiri asiyetaka kumwona tena mfanyakazi anaweza kumlipa fedha za siku hizo. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku hizo za notisi, anaweza kukatwa kiasi hichohicho kwenye stahiki zake, na kwa mshahara wa dukani, siku 28 zinaweza kumaliza kila anachodai.

Basi kwa nini binti anaondoka bila notisi? Ni shoti. Mafuta ya alizeti yanaingia dukani kwa dumu la lita 20, yanatoka kwa kupimwa: nusu lita, robo, mafuta ya mia tano. Kila kipimo kinabakiza kidogo kwenye kikombe, kidogo kwenye faneli, na mteja naye anaomba aongezewe. Dumu likiisha hesabu haitimii, na kilichopungua kinaandikwa nyuma ya daftari kwa jina la binti. Sheria hairuhusu kumkata hivihivi. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sijawahi kukutana na muuza duka aliyeandikiwa barua ya shoti. Anachojua ni kwamba siku atakayotamka kuacha kazi, lile daftari litafunguliwa na shoti itapanda hadi ilingane na mshahara wake. Kwa hiyo anasubiri alipwe, anaondoka kimya.

Dada yangu, mdogo wangu, ninakuelewa, lakini ukimya huo unakuponza. Usipokabidhi duka, kila kitakachopotea hata baada ya wiki tatu kitakuwa chako, na unaweza kufuatwa hadi nyumbani na polisi. Andika barua, baki na nakala. Hesabuni mali pamoja, na fedha za droo, na floti ya uwakala, kisha mtie saini wote wawili. Kama hujawahi kupewa mkataba wa maandishi, usidhani huna haki: kukuandikia masharti ya kazi ulikuwa wajibu wa mwajiri. Na kama kazi haivumiliki kwa sababu ya vitendo vyake, si unanyanyaswa tu bali hata hulipwi, sheria inaweza kuhesabu kuwa yeye ndiye aliyekuachisha. Peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Wenye maduka nao wana la kufanya. Jumuiya ya Wafanyabiashara mkoani kwetu ingeweza kuandaa fomu ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: mali iliyopo, fedha iliyopo, shoti iliyokubaliwa na pande zote, mshahara uliobaki na siku ya kuulipa. Iambatane na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka. Fomu hiyo ikiwepo kabla ya mavuno yajayo, tuone ni wangapi watakaozima simu.