Leso Zilizolowa Zisifichwe

Leo tuzungumze habari za damu ya uzazi, na hasa zile leso ambazo akina bibi huzikunja upesi na kuzitia mfukoni kabla mwanamume hajachungulia wodini. Stara ni jambo jema, na sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufunzwa. Lakini leso zile zina habari ambayo muuguzi anaihitaji.

Kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua huua wazazi kuliko sababu nyingine yoyote ya uzazi duniani. Mzazi aliyeingia hospitali akitembea na kucheka anaweza kufariki kwa muda wa saa chache. Na kwa miaka mingi damu hiyo ilikadiriwa kwa macho tu. Hebu jaribu nyumbani: mimina nusu lita ya maji ya rangi juu ya leso mbili na shuka, kisha mwite jirani akisie ni kiasi gani. Aghalabu atataja kiasi kidogo. Kitambaa hunywa, na macho hudanganyika.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80, kwa wazazi zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika kundi moja la hospitali hizo, mzazi alitandikiwa karatasi ya nailoni yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, mfano wa jagi la kupimia maziwa. Damu ikifika mstari wa hatari, muuguzi hakungoja. Alisugua tumbo la uzazi, akampa mzazi dawa ya kulikaza, akamtia dripu na dawa ya kusaidia damu igande, akakagua kama amechanika au kuna kipande cha kondo kilichosalia, akaita msaada. Yote kwa mkupuo mmoja! Desturi ya zamani ilikuwa kujaribu dawa moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine.

Matokeo? Hospitali hizo ziligundua asilimia 93 ya wazazi waliovuja damu kupita kiasi. Zile zilizofuata desturi ziligundua asilimia 51 tu. Hatari ya kuvuja damu kwa wingi mno, kupasuliwa kwa ajili yake au kufa ilipungua kwa asilimia 60. Na kifaa chenyewe ni nailoni yenye mistari.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani liliusogeza mstari ule: matibabu yaanze damu ikifika mililita 300 ikiwa mpigo wa moyo au presha imebadilika, pasi na kungoja nusu lita.

Sasa wako wanaosema, "Sisi wa Mji wa Kale tuna bahati, Makadara ni hapo tu." Ni kweli Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali. Lakini vichochoro vya Kibokoni na Kuze havipitishi gari, na kumteremsha mzazi anayevuja damu kwenye ngazi za ghorofa zetu, usiku wa manane, hadi teksi ilipo, hula dakika nyingi. Heri kujifungulia penye muuguzi na dawa.

Wala mwongozo uliobandikwa ukutani haumtibu mtu. Dawa zikiisha stoo, au muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima, karatasi itafanya nini? Kwa hivyo ulizeni mapema, siku za kliniki: "Sista, hapa damu ya mzazi mnaipimaje?" Si utovu wa adabu.

Mkaja nao usifungwe mpaka muuguzi alishike tumbo aridhike. Na mkisharudi nyumbani, pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au mzazi akiona kizunguzungu na moyo ukamwenda mbio, acheni uji jikoni. Mrudisheni hospitali upesi, na leso zile mwende nazo.