Mpira wa Lori Hulipwa na Nani?

Juma hili nataka kuzungumza na wasomaji wangu juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu limesemwa kwa minong'ono katika mikahawa ya Majengo na Mwembe Tayari, wala halisemwi kwa sauti mahali panapostahili. Ni habari ya madereva wa malori ya mizigo ambao, ufikapo mwisho wa mwezi, huzikuta gharama za gari la tajiri zimeandikwa katika mshahara wao.

Nimepata kuonyeshwa karatasi ya mshahara ya dereva mmoja aendeshaye lori la makontena kutoka Kilindini mpaka Malaba. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni yake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30,000. Chini yake palikuwa na makato ya Serikali, ambayo kila mfanyakazi ayajua. Kisha palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "mengineyo", na mbele yake shilingi 11,500. Nilipomwuliza hayo mengineyo ni nini, alinijibu kwa upole kabisa ya kuwa ni mpira wa tela uliopasuka karibu na Voi, pamoja na taa ya nyuma iliyogongwa na gari jingine katika foleni ya mizani ya Mariakani. Mpira ule ulikuwa umelika tangu kabla hajakabidhiwa gari, naye alikwisha kumwambia msimamizi mara mbili.

Sasa na tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ambayo ilianza kutumika mwezi wa Juni 2008, imeorodhesha katika kifungu cha 19 makato ambayo mwajiri ameruhusiwa kuyafanya. Kuhusu mali iliyoharibika au kupotea, mwajiri aweza kukata kiasi cha haki ikiwa hasara hiyo imetokana na mfanyakazi kuacha wajibu wake kwa kusudi. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo, kwa kusudi. Mpira uliopasuka kwa uzee haukupasuka kwa kusudi la mtu. Breki zilizokwisha, betri iliyokufa, mafuta ya injini na ada ya fundi wa gereji, yote hayo si uharibifu hata kidogo. Ni gharama ya kuwa na lori. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na nundu hii ni ya mwenye lori.

Wako mabwana wajibuo kwa kusema, "Lakini sheria yaniruhusu kukata mpaka thuluthi mbili ya mshahara." Hapa pana werevu unaostahili kufunuliwa. Ni kweli kwamba kifungu hicho hicho chasema makato yote kwa jumla yasizidi thuluthi mbili, maana yake mwenye kulipwa 30,000 lazima abakiwe na 10,000. Lakini huo ni mpaka wa kuzuia, wala si ruhusa. Kato lisilokuwa halali halipati uhalali kwa kuwa ni dogo. Werevu wa pili ni kuligeuza deni la mpira liitwe mkopo: dereva hupewa karatasi atie sahihi kwamba amekopa fedha za kampuni, kumbe hakushika hata senti moja. Mtu asitie sahihi yake penye jambo ambalo halikutokea, hata akiambiwa kwamba ni desturi ya ofisi.

Hapa nataka kusema na makarani wenzangu, kwa kuwa mimi pia ni karani na kalamu hizi tunazijua. Neno "mengineyo" haliandikwi na tajiri, ni sisi tuliandikao. Kifungu cha 20 chamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, wakati wa kumlipa au kabla, taarifa ya maandishi yenye mshahara wote, kila kato, na kato hilo ni la nini. Karani aandikaye "mpira wa tela" badala ya "mengineyo" hajavunja siri ya mtu. Ameandika tu kile ambacho sheria yamtaka akiandike, na mara nyingi bwana akikiona kimeandikwa hivyo waziwazi, huona haya mwenyewe akakifuta.

Nilipokuwa nikilifikiri jambo hili, nalikumbuka desturi ya zamani ya vyombo vilivyokuwa vikitia nanga katika Bandari ya Kale, kule chini ya Mji wa Kale. Baharia wa jahazi hakulipwa mshahara wa mwezi, alilipwa fungu. Chombo kikisha kumaliza safari, kwanza ziliondolewa gharama, chakula na mengine, ndipo kilichobaki kikagawanywa baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Basi baharia naye alizibeba gharama, lakini msimu ukiwa mwema na shehena ikilipa vizuri, fungu lake lilinenepa. Hata leo, akodiye mkokoteni apitishe mizigo katika vichochoro ambavyo lori haliwezi kuingia, akitoboka mpira huuziba mwenyewe, lakini yote aliyoyapata siku hiyo baada ya kulipa kodi ya mkokoteni ni yake. Dereva wa lori hana fungu wala hana biashara. Kontena likilipiwa nauli nono, hapewi ziada. Mpira ukipasuka, ndipo aitwapo mshirika. Ushirika wa hasara peke yake sijapata kuuona katika hesabu za mtu yeyote mwaminifu.

Wala msidhani kwamba haya yapo kwetu tu. Huko Marekani, bandari za Los Angeles na Long Beach zilianza mwaka 2008 mpango wa kuyaondoa malori makuukuu yaliyokuwa yakichafua hewa. Makampuni mengi yalinunua malori mapya kisha yakawakodisha madereva wao, yakikata kila juma kodi ya lori, dizeli na bima. Mwaka 2017 gazeti la USA Today lilieleza habari za madereva waliofanya kazi juma zima wakatoka na senti chache, na wengine wakaambiwa kuwa ndio wanaodaiwa. Maofisa wa kazi wa jimbo la California waliamua katika mashauri mengi kwamba watu hao hawakuwa wafanyabiashara kama walivyoitwa, bali wafanyakazi waliostahili kulipwa haki yao.

Matajiri nao wana maneno yao, na si yote ya uongo. Wako madereva wanyonyao dizeli usiku na kuiuza kwa madumu, na wako wapakiao abiria na mizigo ya siri. Huyo akithibitishwa, na akatwe, hata ashtakiwe. Lakini kuthibitisha ni kumwita mtu, kumweleza kosa na kumsikiliza, si kumwandikia deni akiwa yuko njiani. Tena tajiri na afikiri: dereva ajuaye kwamba mpira mpya utatoka mfukoni mwake ataendesha kwa ule uliolika mpaka wa mwisho, na mkulima wa Kilifi anayepeleka maembe Nairobi kwa basi la usiku hukutana na lori hilo katika njia hiyo hiyo.

Kwa nini basi madereva hunyamaza? Hofu ya kukosa kazi. Mwaka 2019 Serikali ilipoamuru shehena za bara zipakiwe katika reli mpya, wengi walikaa bila safari, na ingawa amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, hofu haikuondoka pamoja nayo. Lakini Mombasa si mji wa watu wasiojua kudai. Januari 1947 wafanyakazi wa kisiwa hiki waligoma kwa maelfu, wakawa wakikutanika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Leo kipo chama cha madereva wa malori ya masafa marefu, yupo afisa wa kazi ambaye kumweleza shida hakuna ada, na ipo Mahakama ya Ajira yenye majaji wanaoketi papa hapa Mombasa.

Mwenye kukatwa na azitunze karatasi zake za mshahara, na aandike tarehe ya kila safari na ya kila ubovu alioutoa taarifa. Shauri la madai ya kazi hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kupita. Na aliyefukuzwa kwa sababu ya kudai ana miezi mitatu tu ya kumpelekea afisa wa kazi malalamiko yake. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa, kwa maana kuuandika ni wajibu wa mwajiri, naye akishindwa kuutoa mbele ya mahakama, ni yeye atakiwaye kuthibitisha masharti waliyopatana.