Aliyeishia Mnyororoni

Mlima Meru tunauona kila siku. Asubuhi tunapopanga mstari uko mbele yetu, na siku isiyo na mawingu mtu aweza kuutazama mpaka asisikie jina lake likiitwa. Hata hivyo wengi wetu tuliozaliwa hapa Arusha hatujaukanyaga, tukidhani kuwa ni mlima wa wageni. Kwa hiyo muhula uliopita ilipotangazwa safari ya kuupanda nilifurahi mno, nami nawashukuru walimu waliotuongoza na wazazi waliotuchangia. Haya nitakayoyasema si kwa kukosa shukrani.

Nasema kwamba tuliporudi tulifanya kosa, nami nilikuwa mmoja wa waliolifanya. Mstarini yalisomwa majina ya waliofika Socialist Peak, mita 4,566, tukapigiwa makofi. Jina la mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu halikusomwa, kwa kuwa yeye aliishia Rhino Point. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kubandikwa jina la "Kifaru", na hata leo analo. Nilicheka pamoja na wengine. (Na hao wamwitao Kifaru sijui kama wamepata kumwona kifaru, si mnyama wa kufananishwa na mwoga.)

Kwa faida ya wasiokwenda, nieleze kidogo. Siku ya kwanza tulitoka lango la Momella, tukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo, tukalala Miriakamba. Siku ya pili tulifika Saddle Hut, mita 3,570. Hadi hapo ni kutembea tu, na mwenye pumzi na subira hufika. Usiku wa siku hiyo, saa saba, tuliamshwa tukanywa chai, tukafunga kurunzi vichwani na kuanza kupanda katika baridi ambayo sikuwa nimepata kuiona maishani.

Ukiisha kupita Rhino Point njia hushuka kidogo, kisha hupita ubavuni mwa mwamba ulioinama, na hapo imefungwa minyororo ya chuma ya kushika kwa mkono. Hapa ndipo penye maneno yangu.

Njia za chuma ziko pengine pia duniani. Katika milima ya Dolomites huko Italia, askari wa Vita Kuu ya Kwanza walipigilia nyaya na ngazi miambani ili waweze kupita na silaha zao, na leo watu huzipanda njia kama hizo kwa kujifurahisha. Waitaliani huziita via ferrata, yaani njia ya chuma. Hata jirani zetu wa Kenya wanayo moja, karibu na kilele cha Point Lenana. Lakini huko mpandaji huvaa mshipi wenye kamba mbili fupi, na kila kamba ina kulabu yake. Huhamisha kulabu moja moja kwenye waya, asikae hata nukta moja bila kufungwa. Akiteleza, chuma humshika yeye. Sisi pale Meru hatukuwa na mshipi wala kulabu. Wewe ndiwe unayekishika chuma, na kiganja kikilegea hakuna kingine.

Mwenzetu alikuwa ametapika mara mbili tangu tulipotoka kambini. Aliushika mnyororo, akasimama, kisha akamwambia kiongozi, "Kaka, kichwa kinaniuma sana, na naona mwamba unacheza. Mimi narudi." Kiongozi hakubishana naye. Alimwita msaidizi wake mmoja, wakateremka pamoja, tukaona taa zao mbili zikipungua chini yetu.

Sasa nikiri jambo ambalo sikulisema mstarini. Mimi nami kichwa kilikuwa kikiniuma tangu Saddle Hut. Kiongozi alipotuuliza mmoja mmoja, nilijibu, "Safi kabisa, kaka." Nilidanganya, wala si kwa ushujaa. Nilikuwa nikiogopa kicheko cha bweni kuliko nilivyouogopa mwamba.

Wenzangu wa sayansi wanafahamu kwamba kadiri tunavyopanda hewa huwa nyepesi. Karibu na kilele cha Meru, hewa anayoivuta mtu haifiki sehemu sita katika kumi za ile ya pwani. Mwili usiopata muda wa kuzoea huanza kwa kuumwa kichwa na kutapika, halafu mtu huyumbayumba kama mlevi. Akilazimisha kuendelea, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, akafa, hata akiwa kijana mwenye nguvu kuliko wote. Dawa iliyo kubwa ni kuteremka. Basi fikirini mtu ayumbaye, ameshika mnyororo usiomshika yeye, na amemficha kiongozi hali yake.

Nilivuka. Sikuona kitu ila visigino vya aliyenitangulia na duara la kurunzi yangu. Tulipita Cobra Point, jua likatukuta karibu na kilele, na Kilimanjaro ikatokea upande wa mashariki juu ya mawingu. Wengine waliimba. Mimi, kusema kweli, nilitamani kushuka tu.

Wakati wa kurudi tuliufikia tena ule mwamba, safari hii mchana, ndipo tulipouona mteremko ulioko chini yake. Mmoja wa wale walioimba alikaa chini, akakataa kusogea mpaka kiongozi alipomshika mkono hatua kwa hatua. Hakuna aliyempa jina. Mimi nilipita nikiwa natetemeka, nikafahamu kwamba usiku ule sikuwa nimeishinda hofu yoyote, kwa kuwa sikuwa nimeiona. Tulipofika Saddle Hut tulimkuta Kifaru amepata nafuu, amekaa na wapagazi, akatuletea chai. Kichwa changu hakikupoa mpaka Miriakamba.

Najua watakaosema kwamba akisifiwa aliyerudi, hakuna atakayejikaza kufika. Mimi sitaki makofi ya waliofika yapunguzwe. Kufika ni kazi, na nimeionja. Lakini mchezaji akitoka uwanjani na goti lililovimba, mbona hatumwiti mwoga? Wapo pia wasemao minyororo iongezwe mpaka juu. Hiyo si dawa, kwa kuwa mnyororo hauponyi kichwa.

Ombi langu kwa walimu ni kwamba safari ijayo yasomwe majina ya wote waliokwenda, na mahali alipofika kila mmoja, kwa sauti ile ile. Tena kabla ya kuondoka tupangwe wawili wawili, kila mtu awe na ruhusa ya kumsemea mwenzake kwa kiongozi, maana mwenye kuumwa aweza kuficha, kama nilivyoficha mimi. Na wazazi wasomao gazeti hili, mtoto akirudi nyumbani msimwulize kwanza kama alifika juu.

Orodha ya safari ijayo imekwisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimeandika jina langu. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu hajaandika lake. Nimemwendea bwenini mara mbili kumwomba radhi na kumsihi tuwe jozi moja. Mara ya kwanza alinijibu kwamba ana masomo mengi. Mara ya pili aliniuliza kama mwaka huu pia yatasomwa majina, nami sikuwa na la kumjibu.