Orodha ya wahami si ya kulindwa na neno moja la siri

Ndugu wasikilizaji wa Kisangani, na ninyi wazazi muliokimbia makwenu na kulala kwa jamaa ao kwenye maeneo ya wahami, leo nasema juu ya jambo ambalo wakubwa wanapenda kuita kazi ya wafundi wa kompyuta. Si ya wafundi peke yao. Ni yenu.

Mashirika yanapokuja kuandikisha watu, munatoa nini? Jina, watoto, umri, kijiji mulikotoka, namba ya telefone, mara nyingine foto na alama za vidole. Munapewa jeto, munarudi. Habari zile zinaingia ndani ya seva, ni kusema kompyuta inayotunza habari, mara nyingi mbali na hapa. Wafanyakazi wanaifungua kwa njia ya intaneti. Wanaifungua na nini?

Ndani ya ofisi moja ya mji huu nimeona neno la siri limeandikwa kwa biki na kubandikwa kando ya kompyuta. Watu sita walitumia neno lile lile. Mmoja alikuwa ameacha kazi tangu mwaka uliopita, na neno halikubadilishwa. Nilipouliza, walicheka.

Hakuna cha kucheka. Tangu 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola umeua watu na kuchoma nyumba huko Lubunga, ng'ambo ya mto, na maelfu wamehama. Kwetu jina na kijiji vinatosha kuonyesha kabila la mtu. Orodha inayosema familia gani imelala wapi, ikifika mikononi mwa mwenye chuki, ni silaha.

Na kuna orodha zinazogusa franga. Tarehe 9 Februari 2022, mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na humo milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Vita vya siku sita vya Juni 2000 hapa Kisangani vimo katika hesabu ile. FRIVAO iliundwa kugawa malipo hayo. Simshitaki mtu. Lakini kwa orodha yoyote ya namna hii, kama watu sita wana ufunguo mmoja na jina la mjane likapotea usiku, nani atajua ni mkono wa nani ulilifuta? Seva itajibu: aliyeingia ni mwenye neno la siri. Yaani wote, na hakuna hata mmoja.

Musifikiri hayo yanapata maskini tu. Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa kimataifa, wenye makao Geneva, ulitangaza kwamba wezi wameingia ndani ya seva zake. Habari za watu zaidi ya 515,000 ziliguswa, na ni watu gani? Wale wanaotafuta jamaa waliopotezana nao kwa sababu ya vita, uhamiaji na misiba. Watu kama ninyi. Wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 wakakaa humo siku 70 kabla ya kuonekana. Walipitia tundu la programu ambayo wafanyakazi wanaitumia kubadilisha maneno yao ya siri; dawa ya tundu ile ilikuwa imetoka, ila haikuwekwa kwa wakati. Kwa hiyo nisidanganye: cheti peke yake hakizuii kila mwizi, na seva isiyotengenezwa itaibiwa tu.

Ila cheti kinafunga mlango ulio wazi kuliko yote. Munajua karatasi ya misioni: jina la ajenti, kazi anayoenda kufanya, tarehe ya kuanza na ya kwisha, mhuri wa mkubwa. Askari wa barieri hana haja ya kumjua ajenti. Anatazama mhuri na tarehe. Cheti cha kompyuta ni hivyo. Kila mfanyakazi anatengeneza funguo mbili: moja ya siri, isiyotoka kamwe kwenye kompyuta yake, na moja ya wazi. Ofisi inapiga mhuri ule wa wazi, inaandika jina lake na saa ya kwisha. Seva inaamini mhuri tu, na njia ya maneno ya siri inafungwa kabisa. Kila anayeingia anaandikwa kwa jina lake. Akiacha kazi, cheti chake kinafutwa, wengine wanaendelea. Mhuri wenyewe unatunzwa kwenye mashine isiyoguswa na intaneti.

Wataniambia ni gali. Uongo. Programu ya OpenSSH ni ya bure, na vyeti vimo ndani yake tangu 2010. Wataniambia konekisio ni mbaya. Cheti ni kidogo kuliko foto munazotumiana kwa WhatsApp. Wataniambia mfundi anakaa Kinshasa. Atumiwe ufunguo wa wazi, apige mhuri, arudishe. Hakuna siri iliyopita njiani. Tatizo la kweli ni moja tu, nalo ni la hapa kwetu: umeme ukikatika, saa ya mashine inaweza kupotea, na cheti kinakataliwa kwa sababu tarehe haifanani. Basi saa irekebishwe. Kazi ya dakika tano.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilipoanguka, watu walikimbia mbio na maghala ya misaada yaliporwa. Kompyuta iliyoachwa mezani yenye cheti cha siku moja, kesho yake haifungui seva. Neno la siri lililobandikwa linafungua hata mwaka ujao.

Sheria yetu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Basi munapopanga foleni tena, mama na baba, kabla ya kuweka kidole, muulize: nani anafungua orodha hii, kila mmoja ana ufunguo wake, na aliyeondoka kazini alifutwa lini? Ajenti asiyejua amwite mkubwa wake. Na mkubwa akikasirika kwa swali hilo, mutuletee habari hapa; tutaenda kumuuliza tena, na kipaza sauti mkononi.